Tovuti Ina Wageni, Simu Hailii: Tuanzie Wapi?

Mama mmoja anayeshona sare za shule mtaa wa Kondele, Kisumu, alinijia mwezi wa Desemba na ombi moja tu: nibadilishe rangi ya tovuti yake. Ilikuwa ya bluu, akataka ya kijani. "Kijana wangu, hii bluu haivutii mtu. Watu wanaingia, wanatoka, hakuna anayenunua."

Nikamwambia sawa mama, lakini kabla ya rangi, hebu nione WhatsApp yako. Akanipa simu. Nikapekua maswali ya wiki mbili nikiyahesabu nyuma ya risiti. Sweta ni pesa ngapi, mara kumi na moja. Mko upande gani wa Kondele, mara tisa. Mnaweza kutuma Siaya, mara tano. Kisha tukafungua tovuti yake pamoja. Juu kabisa kulikuwa na picha ya wazungu wawili wa suti wakipeana mikono, na chini yake: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora." Bei hakuna. Kondele haikutajwa. Hata neno sweta halikuwemo.

Rangi hatukuigusa. Mpaka leo ni ya bluu.

Kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati tovuti za biashara ndogo hapa Kisumu, na mara moja moja Kakamega, Busia na Homa Bay. Wengi wanaonijia hufika na dawa mkononi kabla hawajapimwa: nataka slaidi, nataka picha ziwe zinaingia zikizunguka, nataka iwe kama ya ile hoteli kubwa. Hapa chini ni malalamiko ninayoyasikia kila mara na sababu zake, kwa mpangilio ninaoufuata nikiketi na tovuti ya mtu. Karatasi ya kwanza mezani huwa ni ile ile ya maswali. Kabla hujasoma zaidi, toa simu yako uandike maswali ya wateja kumi wa mwisho. Utayahitaji.

## Mteja anakatikia wapi?

Kila mtu husema "tovuti haileti kitu", lakini ndani ya maneno hayo kuna magonjwa manne. Kuna tovuti isiyofikiwa na mtu. Kuna inayofikiwa, ila mgeni anageukia mlangoni. Kuna inayosomwa hadi chini na msomaji akaondoka kimya. Na kuna inayoleta ujumbe mwingi usiofika kwenye pesa. Ukiutibu ugonjwa wa kwanza na kumbe unaugua wa tatu, utalipia matangazo ili watu wengi zaidi waje waondoke kimya.

Google Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ni ya bure, na itakuonyesha tovuti yako imetokea mara ngapi kwenye matokeo ya utafutaji, imebonyezwa mara ngapi, na watu waliandika maneno gani. Kama inatokea lakini haibonyezwi, au haitokei kabisa, ruka uende sehemu ya mwisho mwisho. Kama inabonyezwa, tuendelee.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakina takwimu. Mpe mtu simu. Asiwe mke wako wala binamu aliyekusaidia kuandika. Awe mtu asiyeijua biashara yako hata kidogo. Mimi hushuka ngazi hadi kwa vijana wa tuktuk. Ile siku ya yule mama nilimpa mmoja simu iliyofunguliwa tayari, nikamwambia: "Nitafutie hapo bei ya sweta ya mtoto wa gredi ya nne." Halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana mkono unawasha kumwonyesha. Kijana aliteremsha kidole mara nne, akarudi juu. Akabonyeza wale wazungu akidhani picha inafunguka. Akabonyeza vile vistari vitatu vya menyu, akachagua "Huduma zetu", akakutana na aya tano za uaminifu na weledi. Akanirudishia simu.

"Bosi, kwani hawa wanauza nini?"

Mama alikuwa amesimama pembeni yetu. Hakuitaja rangi tena.

## "Kwangu inafunguka vizuri"

Hili hulisikia kila nikimwambia mtu tovuti yake ni nzito. Ni kweli, kwake inafunguka: simu yake ilishahifadhi nakala ya picha zote tangu mara ya kwanza alipoifungua, na yuko kwenye WiFi ya ofisi. Mteja wake yuko kwenye matatu ya kwenda Bondo na bando la shilingi ishirini.

Ili uone anachokiona yeye, zima WiFi, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu uchague 3G, kisha fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halitumii nakala za zamani. Hesabu sekunde kwa sauti. Watu wengi huacha kuhesabu kabla ukurasa haujaisha kufunguka.

Mara tisa kati ya kumi, mwizi ni picha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili yake mara nyingi huwa kati ya MB 3 na 5. Fundi akiziweka tano kwenye slaidi kama zilivyo, ukurasa una MB 20 kabla hata ya maandishi. Kwa mtandao unaotembea megabiti 2 kwa sekunde, MB 20 ni sekunde 80. Hakuna anayesubiri sekunde 80 kuona wazungu wakipeana mikono. Na kinachouma zaidi ni kwamba kioo cha simu nyingi kina upana wa pikseli 720 au 1080, kwa hiyo sehemu kubwa ya data aliyoilipia mteja inafika na kutupwa.

Punguza upana wa picha hadi pikseli 1200, uihifadhi kwa muundo wa WebP. Tovuti ya Squoosh hufanya hivyo bure ndani ya kivinjari, bila kusakinisha programu. Picha iliyokuwa MB 4 itashuka hadi KB 150 hivi, na jicho la kawaida halitaona tofauti. Baadaye ipime tovuti kwa PageSpeed Insights ya Google, lakini usome upande wa simu, si wa kompyuta. Kompyuta inakusifu bure. Kiwango chao ni kwamba kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Kama ukurasa unaruka wakati unafunguka, mtu anataka kubonyeza "Piga simu" na kidole kinaangukia tangazo, basi picha hazikuandikiwa upana na urefu wake kwenye msimbo, na kivinjari hakijui kizitengee nafasi kiasi gani. Mwambie fundi wako aandike vipimo. Ni kazi ya nusu saa.

Slaidi nazo ziondoe. Sijawahi kumwona mtu akisubiri slaidi ya tatu, mimi mwenyewe nikiwemo, na nimezitengeneza nyingi.

## Mgeni anageukia mlangoni

Tuseme sasa inafunguka haraka, lakini bado watu wanakaa sekunde chache na kutoka. Tazama kile kinachoonekana kwenye simu kabla mtu hajasogeza kidole. Hapo pana nafasi ya mistari minne au mitano. Je, mtu anaweza kujua unauza nini, uko wapi, na kwa kiasi gani?

Nyumba moja ya wageni upande wa Dunga ilikuwa imeandika: "Furahia ukarimu usio na kifani katika mandhari tulivu." Maneno hayo ungeyabandika kwenye lodji ya Malaba au hoteli ya Diani, yangekaa vilevile. Tukaketi na mwenye nyumba na orodha yake ya maswali. Watu walikuwa wanauliza maji moto, chandarua, mahali pa kuegesha gari, na kama usiku tuktuk hupatikana. Tukaandika:

"Vyumba sita karibu na ufuo wa Dunga, safari fupi ya tuktuk kutoka katikati ya Kisumu. Maji moto, chandarua, maegesho ndani ya ua. Sh 2,800 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi."

Si ushairi, lakini anayeisoma akiwa Eldoret anajua kama imemfaa au haijamfaa, na anayeona haijamfaa hatakusumbua kwenye simu.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda. Chukua kila sentensi ya ukurasa wa kwanza uulize: mteja anaweza kuithibitisha? "Sisi ni bora" haithibitiki. "Tunajali wateja" haithibitiki. "Tunafungua Jumapili hadi saa kumi" inathibitika. Nikimaliza kufuta zisizothibitika, mara nyingi kunabaki anwani na namba ya simu, na mwenye tovuti ananitazama kama niliyembomolea nyumba. Ndipo kazi ya kuandika inapoanza.

Maneno ya kuandika huyapati kwenye meza ya fundi wa tovuti. Unayapata mwenye biashara anapoongea akiwa hajui unamsikiliza. Yule mama wa sare alikuwa ananilalamikia sweta za bei rahisi, akachukua moja yake mezani akaigeuza ndani nje, akanivutia kwapa. "Ona hapa. Mtoto akinyoosha mkono darasani, akipanda mti, ni hapa panapoachia kwanza. Mimi napashona mara mbili." Nilipiga picha pale pale, kwapa la sweta likiwa limegeuzwa, mishono miwili ikionekana, na ukucha wake ukiwa juu yake. Picha hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya wazungu, na chini yake tuliandika alichosema karibu neno kwa neno.

Wauzaji wanapenda kusema kizuri chajiuza. Sokoni Kibuye ni kweli, kwa sababu mnunuzi anashika, ananusa, anavuta uzi. Kwenye tovuti hana mikono. Mwonyeshe kile ambacho angekigeuza na kukivuta kama angekuwa mbele yako. Anayeuza samaki apige picha ya mashavu mekundu na jicho linalong'aa, maana ndipo mnunuzi wa huku anapotazama. Anayechomelea mageti aonyeshe kiungo kwa karibu kabla hakijapakwa rangi.

Na picha ziwe zako. Nguo ya kuazima haisitiri: mteja akiona kochi lile lile kwenye tovuti tatu, anajua hakuna hata mmoja wenu aliyelitengeneza. Picha ya simu iliyopigwa mlangoni saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa laini, inatosha kabisa.

Kuhusu lugha watu huniuliza sana: Kiswahili, Kiingereza, au Dholuo? Andika kwa lugha ambayo wateja wako wanakuandikia kwenye WhatsApp. Ikiwa wanachanganya, changanya. Nimeona ukurasa wa mbegu na mbolea uliochangamka siku mwenye duka alipoacha kuandika kama barua ya kuomba kazi.

## Anasoma hadi mwisho, anaondoka kimya

Huyu ni mgonjwa tofauti. Alivutiwa, la sivyo asingesoma. Kuna kitu kimemzuia mwishoni, na karibu kila mara ni moja kati ya mawili: hajui bei, au anaogopa kuibiwa.

Kuhusu bei nimebishana na watu hadi chai ikapoa. "Nikiweka bei washindani wataiona." Mshindani wako aliyeko jengo la pili ameshamtuma mtu kuuliza. Anayefichwa ni mteja, na mteja asiyeona bei hufikiria kubwa kuliko iliyopo, au hufikiria kwamba utamtazama viatu kwanza ndipo uitaje. Kama bei hubadilika, andika "kuanzia". Kama kila kazi ni tofauti, mathalani mageti, makabati ya jikoni, uchapishaji wa kadi, weka kazi tatu zilizokamilika: picha, vipimo, na kila moja iligharimu kiasi gani. Mtu atajipima mwenyewe kati ya hizo tatu.

Hofu ya kuibiwa ina uzito zaidi huku kwetu, na haiondolewi kwa kuandika "sisi ni waaminifu". Kila mtu ana ndugu aliyetuma pesa kwa namba akangoja mzigo mpaka leo. Hebu fikiria jinsi malipo yanavyokwenda: mteja analipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya biashara, na ujumbe wa M-Pesa unamrudia ukiwa na jina la aliyelipwa. Kama tovuti inaitwa kwa jina la duka na ujumbe unakuja na jina la mtu asiyemjua, moyo unamwenda mbio, na mwenye hofu zaidi hatafika hata kulipa. Kwa hiyo andika wazi karibu na namba ya till: "Ukilipa utaona jina fulani." Ni mstari mmoja. Sijui kwa nini hauko kwenye kila tovuti ya biashara Kenya. Na kama unapokea kwa namba yako ya kawaida ya simu, fungua till ya biashara kwanza ndipo ushughulikie tovuti.

Kinachofuata ni mahali. "Kisumu, Kenya" si anwani. Andika kama unavyomwelekeza mtu kwa simu: ukitoka mzunguko wa Kondele kuelekea Mamboleo, mkono wa kushoto, mlango wa kijani baada ya duka la dawa, ghorofa ya kwanza. Hata mteja wa Siaya ambaye hatafika kamwe anatulia akisoma hivyo, maana mwizi haelekezi watu kwake. Weka na picha ya mlango kutoka barabarani.

Maoni ya wateja yanasaidia yakiwa ya kweli. "Huduma bora sana, nawapendekeza" hayamsaidii mtu na yananuka kutungwa. Na kutunga si utani: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Chukua ujumbe halisi kwenye simu yako, ule wenye kitu ndani yake ("sweta imefika Ugunja leo saa nane, saizi imekaa vizuri, ongeza mbili"), muombe aliyeuandika ruhusa kabla hujauweka, na ukiweka jina lake au picha ya mtoto wake bila ruhusa jua kwamba kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia. Ujumbe mmoja kama huo unashinda ishirini ya sifa tupu.

Dirisha linaloruka usoni kuomba barua pepe kabla mtu hajasoma chochote: ondoa. Saa inayohesabu kurudi nyuma kwamba ofa inaisha, halafu kesho inaanza upya: ondoa, wanaijua. Muziki: nakuomba.

## Kitufe kipo, hakifanyi kazi

Hapa nitajishtaki mwenyewe. Nilimtengenezea tovuti fundi wa makochi wa Nyamasaria. Picha nzuri, bei zipo, mahali papo, kitufe cha kijani cha WhatsApp chini ya kila kochi. Wiki tatu, kimya. Akaanza kuniambia intaneti ni ya watu wa Nairobi. Nikaanza kumwambia aongeze picha. Kisha mteja mmoja akamfikia kwa miguu akamwambia, "Fundi, hiyo WhatsApp yako inakataa, inasema namba si sahihi."

Nilikuwa nimeandika kiungo kwa namba inayoanza na 07, kama tunavyoitaja mdomoni. Kiungo cha wa.me, kile kinachofungua WhatsApp moja kwa moja, hakitaki sifuri hiyo. Kinataka namba ya kimataifa: 254, kisha tarakimu tisa zinazofuata sifuri, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, bila vistari. Jumla tarakimu 12. Kwa wa.me/2547… inafunguka, kwa wa.me/07… inakataa. Namba mpya zinazoanza na 01 ni vilevile, 2541. Nilikijaribu kitufe cha kupiga simu, kikaita, nikadhani cha pili nacho ni kizima. Fundi nilimrudishia pesa ya mwezi ule, na tangu siku hiyo nabonyeza kila kitufe, kwenye simu ya mtu mwingine, kabla sijasema nimemaliza.

Ukiwa hapo, tumia kiungo hicho vizuri zaidi. Ukiongeza ?text= mwishoni mwa namba, unaweza kumwandikia mteja ujumbe wa kuanzia, kwa mfano "Habari, naulizia kochi la viti saba", na kila nafasi kati ya maneno inaandikwa %20. Mteja anabonyeza, maneno yanamkuta tayari, anatuma tu. Nawe unajua ametoka kwenye ukurasa upi bila kumuuliza.

Fomu za mawasiliano zina ugonjwa wake. Jitumie ujumbe kupitia fomu yako sasa hivi. Haukufika? Angalia kwanza kwenye barua taka. Kama uko huko, tatizo ni kwamba seva ya tovuti inatuma barua kwa jina la kikoa chako (jina la anwani ya tovuti yako) bila kuthibitishwa, na Gmail inaishuku. Fundi aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, na fomu itume kupitia akaunti halisi ya barua pepe. Kama hauko hata huko, fungua mipangilio ya fomu uone inatuma kwa anwani ya nani. Nimeikuta fomu ya duka moja la vifaa vya ujenzi ikituma kila ombi la bei kwa fundi wa zamani aliyeacha kazi hiyo miaka miwili nyuma. Maombi ya mabati na saruji yalikuwa yamelala kwenye sanduku asilolifungua.

Na kama kivinjari kinaandika kando ya anwani kwamba tovuti si salama, cheti cha usalama kimekwisha au hakikuwekwa. Chrome ilianza kuzitia alama hiyo tovuti zote zisizo na HTTPS, yaani zisizo na cheti hicho, mwezi wa Julai 2018. Vyeti vya shirika la Let's Encrypt ni vya bure lakini havidumu, vingi hutolewa kwa siku 90, kwa hiyo hakikisha vinajihuisha vyenyewe. Hapo hapo uliza kikoa chako cha .co.ke kimeandikishwa kwa jina la nani. Hulipiwa kila mwaka, na kama kiko kwa jina la fundi na fundi amehamia mji mwingine, biashara yako inaishi kwenye nyumba ya mtu.

## Ujumbe mwingi, pesa kidogo

Rudi kwenye karatasi ya maswali. Kama wote wanauliza jambo moja, tovuti haijalijibu. Kama wanauliza usichokiuza, tovuti inaahidi vibaya. Kama wanauliza, unawajibu, na wanapotea, tazama saa. Mtu aliyeuliza saa nne usiku akajibiwa kesho adhuhuri amekwisha kununua kwingine. WhatsApp Business ina ujumbe wa kujibu wenyewe ukiwa haupo; andika humo saa utakayojibu, na uitimize.

Swali linaloua mauzo mengi ya huku ni la usafirishaji, kwa sababu watu hawana uhakika mzigo utafikaje. Usiandike "tunatuma kote nchini". Andika inavyofanyika: mzigo unapakiwa kwenye matatu ya saa nane stendi kuu, tunakutumia namba ya gari na ya dereva, unauchukua stejini Siaya jioni, nauli unalipa huko huko. Mteja akiisoma anauona mzigo ukitembea.

## Hakuna anayefika kabisa

Hapa nitakuwa mfupi. Andika kwenye Google site: ikifuatwa na anwani ya tovuti yako, bila nafasi kati. Kama hakuna kinachotokea na tovuti ni ya WordPress (programu inayotumika kujenga tovuti nyingi), fungua mipangilio, sehemu ya usomaji, uone kama kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kimetiwa alama. Mafundi hukitia wakati wa ujenzi na kusahau kukitoa.

Pili, biashara yenye duka la kufikiwa ijisajili kwenye Google Business Profile, ni bure, ili itokee kwenye ramani. Jina, mahali na simu viwe sawa na vya kwenye tovuti, na saa za kufungua ziwe za kweli hata wakati wa sikukuu. Tatu, ukurasa wa kwanza usiitwe "Nyumbani". Kichwa cha ukurasa ndicho mtafutaji anachokisoma kwenye Google: "Sare za shule Kondele, Kisumu" kinabonyezwa, "Nyumbani" kinarukwa.

## Badilisha kimoja, ngoja

Tatizo la kutengeneza yote kwa siku moja ni kwamba mambo yakibadilika hujui kilichofanya kazi. Nunua daftari la shilingi hamsini. Andika tarehe, ulichobadilisha, na simu na ujumbe ulioingia wiki hiyo. Vilivyovunjika, kama kiungo na fomu, tengeneza vyote leo. Maneno, bei na picha, kimoja kwa wiki mbili.

Na uwe mwangalifu na msimu. Yule mama tulimbadilishia ukurasa kabla ya Krismasi, na Januari simu yake haikupumzika. Alitaka kunisifu. Nikamkumbusha kwamba Januari kila anayeshona sare ana kazi, tovuti au bila tovuti. Ukiwa na wageni arobaini kwa wiki, ongezeko la wateja watatu linaweza kuwa ni bahati tu. Tulichokitazama ni maswali: "sweta ni pesa ngapi" ilishuka kutoka kumi na moja hadi mbili, na badala yake watu walikuwa wanafungua kwa "nataka mbili, saizi 28".

Mwezi wa Februari alinipigia tena. Sasa swali linalorudiwa ni jipya: kama anashona na tracksuti za michezo. Nimemuuliza kama anashona. Anasema anashona, ila hajaelewana na muuzaji kuhusu bei ya kitambaa, kwa hiyo ukurasa huo bado haujaandikwa.